Leja ya Risasi

Ghala langu halina dirisha. Lina makufuli mawili,
ufunguo mmoja kwangu, wa pili kwa mkuu wangu,
na sisi wawili hatusemezani tangu Pasaka,
kwa hiyo kila risasi inayotoka hapa Magu
hutoka kimyakimya.

Leo amekuja Lubango, askari wa wanyamapori wa juzijuzi,
buti zake zingali zinanuka duka.
Kiboko ameingia kwenye mpunga wa Kwandu kule Lutale,
usiku wa tatu mfululizo,
amekula, amekanyaga, amelala humo kama aliyelipia.
"Nipe zile ndogo," anasema, "thelathini-sifuri-sita.
Ile bunduki kubwa inanipiga bega,
siku mbili siwezi kuvua shati."

Sikucheka. Nimefungua leja.

Swalapala, hiyo ndogo inamtosha, na chenji inabaki.
Pofu, ng'ombe yule wa porini asiye na mchungaji,
yeye mpe tatu-saba-tano ya ncha laini:
iingie, ipasuke kama tumba la pamba mwezi wa sita,
ijaze mapafu. Atakwenda hatua arobaini,
atapiga magoti.
Lakini kiboko, Lubango, ni ukuta wenye miguu.
Ncha laini itachanua ikiwa bado ngozini,
na kinachochanua mapema hakifiki.
Mpe ngumu. Shaba tupu, isiyojua kufunguka,
ipite kati ya jicho na sikio
bila kubadili nia.

Risasi haichaguliwi kwa bega la mpigaji.
Huchaguliwa kwa mfupa wa atakayepigwa.

Ananitazama. Najua anachofikiri:
mama huyu wa miwani ya kamba amepiga nini?
Sijapiga kitu. Nililetwa hapa na cheti cha ukarani.
Miaka kumi na tisa nahesabu nisivyovifyatua,
nazijua kama muuza dagaa anavyojua kisado chake,
kwa uzito wa kiganja, gizani, umeme ukikatika.

Ila ukurasa wa sitini na moja
huwa naufungua kwa kidole kimoja.
Machi, ule mwaka ziwa lilipopanda hadi mlangoni mwa zahanati.
Mihayo alikuja usiku. Ngumu zilikuwa zimekwisha,
na simu ikasema: tumia zilizopo.
Nikampa ncha laini mbili. Nikatia saini.
Zote mbili zilimpata mnyama,
na mnyama akarudi majini akiwa nazo.

Siku ya nne alikutana na mtumbwi wa Magessa,
umebeba mihogo, na mwanawe wa kwanza mbele
akikumba maji kwa kopo.

Mihogo ilielea.

Mihayo aliandika kwenye safu ya Matokeo:
*Amejeruhiwa. Ametoroka.*
Mwandiko mzuri, wa mtu aliyesoma kwa masista.
Safu nyingine hakuna. Nimeitafuta
hata nyuma ya jalada.

"Tano," namwambia Lubango. "Ngumu. Na bunduki ni ile kubwa."
Anazipima mkononi. "Nzito."
"Ulitakaje?"
Anasaini. Jina lake limelala sawasawa juu ya mstari,
herufi za mvulana anayetaka kusifiwa.

Usiku nililala vibaya. Kwetu Kahangara mlio wa mbali
hupita juu ya maji, hujui umetoka upande gani.
Nilisikia mmoja. Nikangoja wa pili
hadi jogoo wa jirani akachoka kuwika.

Asubuhi ameweka mezani nne nzima
na ganda moja lenye tope.
Nimelinusa, japo kanuni haisemi ninuse.
Nje watu wanapita na ndoo, na visu vilivyofungwa kwa kanga,
wanaelekea Lutale mbio kama wanaokwenda harusini.
Hakusema kitu. Sikumwuliza.
Nimegeuza leja imwelekee.

Saini yake ya leo imepinda, imetoka nje ya mstari:
ametia kwa mkono wa kushoto.